Msomaji Asiye na Nia Njema: Uhakiki wa Msimbo wa The DAO (2016) na Umilisi wa Wasanidi wa Intaneti Gatuzi

IKISIRI

Makala hii inahakiki msimbo wa The DAO, mfuko wa uwekezaji ulioendeshwa na programu katika mtandao wa Ethereum mwaka 2016. Msimbo huo unachukuliwa kuwa matini iliyoandikwa, ikasomwa na hatimaye ikahaririwa. Hoja kuu ni kwamba teknolojia za intaneti gatuzi haziondoi haja ya kuaminiana kama watetezi wake wanavyodai. Zinaihamisha imani hiyo kutoka kwa taasisi na kuipeleka kwa wachache wenye uwezo wa kusoma msimbo, na kwa wachache zaidi wenye uwezo wa kuubadilisha. Kutokana na hoja hiyo, makala inaonesha kuwa umilisi wa kwanza anaouhitaji msanidi wa programu hizi ni umilisi wa usomaji, na kwamba kuijua lugha ya programu ni mwanzo tu wa umilisi huo.

1.0 Utangulizi

Maandishi yanayoitetea intaneti gatuzi huanza na lalamiko moja: barua, picha, fedha na mazungumzo ya watu vimewekwa mikononi mwa kampuni chache zinazomiliki seva, na mwenye seva ndiye mwenye neno la mwisho. Nakamoto (2008), katika andiko la kurasa tisa, alipendekeza fedha za kielektroniki zinazotoka kwa mtu mmoja hadi kwa mwingine bila kupitia benki. Buterin (2013) alilipanua wazo hilo: badala ya daftari la fedha peke yake, mtandao mzima ungeweza kuendesha programu kamili. Wood (2014) naye alichora picha ya wavuti mpya ambamo mtumiaji hahitaji kumwamini mwenye seva yeyote.

Teknolojia zinazobeba ahadi hiyo si nyingi. Ya kwanza ni jozi ya funguo, mmoja wa siri na mmoja wa hadharani, unaomwezesha mtu kutia saini ya kidijitali. Ya pili ni heshi, yaani tarakimu fupi inayokokotolewa kutokana na data, ambayo hubadilika kabisa data ikiguswa hata kwa herufi moja. Ya tatu ni mnyororo wa bloku, daftari la miamala ambalo nakala yake huhifadhiwa na kila nodi, na ambamo kila ukurasa hubeba heshi ya ukurasa uliotangulia. Ya nne ni itifaki ya makubaliano, ambayo huziwezesha nodi zisizojuana kukubaliana juu ya ukurasa unaofuata. Ya tano ni mkataba unaojitekeleza, yaani programu inayowekwa ndani ya daftari hilo, inayopokea na kutoa fedha yenyewe kwa kadiri ya maneno yake.

Uhakiki huu unahusu teknolojia hiyo ya tano. Zile nne za mwanzo hulinda maandishi yasighushiwe. Hakuna hata moja inayohakikisha kuwa maandishi yenyewe yanasema kile ambacho mwandishi alidhani yanasema.

2.0 Ugatuzi na Mahali pa Kitovu

Kabla ya kuingia katika matini, neno gatuzi linahitaji kupimwa. Baran (1964), alipokuwa akitafuta mfumo wa mawasiliano ambao ungeweza kustahimili shambulio la nyuklia dhidi ya Marekani, alitofautisha mitandao ya aina tatu: yenye kitovu kimoja, yenye vitovu vingi vidogo, na ile iliyotawanyika kiasi kwamba hakuna kitovu. Aina ya pili ndiyo aliyoiita kwa neno la Kiingereza ambalo leo limekuwa kaulimbiu. Kwa maana hiyo ya awali, mtandao gatuzi bado una vitovu; tofauti ni idadi yake.

Kiswahili kinaafikiana na Baran kuliko kinavyoafikiana na kaulimbiu. Kitenzi gatua kimezoeleka katika lugha ya utawala. Nchini Kenya, Katiba ya mwaka 2010 iligatua madaraka kwa kaunti 47. Nchini Tanzania, ugatuaji wa madaraka umekuwa msamiati wa serikali za mitaa. Katika matumizi yote mawili madaraka yana mtoaji na mpokeaji, na mpokeaji anajulikana kwa jina na kwa ofisi yake. Mwananchi asiporidhika anajua mlango wa kubisha. Kwa hiyo, mtu anayesema intaneti gatuzi kwa Kiswahili anawajibika, apende asipende, kujibu swali ambalo kaulimbiu ya Kiingereza huliruka: madaraka yamegatuliwa kwa nani?

3.0 Mkabala wa Uhakiki

Uchambuzi unaongozwa na mawazo mawili. La kwanza ni la Wimsatt na Beardsley (1946), waliodai kuwa dhamira iliyokuwa kichwani mwa mtunzi si kipimo cha kuhukumia maana ya kazi yake. Matini ikishatoka mikononi mwake, inasimama kwa maneno yake. La pili ni la Austin (1962), kwamba yapo matamko ambayo hayaelezi tendo bali ni tendo lenyewe, kama vile kuapa au kuahidi.

Mkataba unaojitekeleza unayabeba mawazo yote mawili hadi mwisho wake. Wimsatt na Beardsley waliandika kuhusu ushairi, ambamo tafsiri isiyotarajiwa haimgharimu mtu fedha. Austin naye alisisitiza kuwa tamko hutenda pale tu mazingira yanapoliruhusu: kiapo kinachotolewa na mwigizaji jukwaani hakimfungi. Mashine haina jukwaa wala mzaha. Kila amri iliyoandikwa kwa usahihi wa kisarufi hutekelezwa, na mtekelezaji hamuulizi mwandishi alikusudia nini.

4.0 Matini na Masharti ya Kusomwa Kwake

The DAO iliandikwa kwa Solidity, lugha ya programu iliyobuniwa kwa ajili ya Ethereum. Ilikusudiwa kuwa mfuko usio na mkurugenzi. Aliyetaka kujiunga alituma ether, fedha ya mtandao huo, akapewa tokeni. Tokeni zilimpa kura ya kuamua miradi ya kuwekezwa. Uuzaji wa tokeni ulianza mwishoni mwa Aprili 2016 na kudumu siku 28. Ulipofungwa, mfuko ulikuwa umekusanya ether zenye thamani iliyozidi dola za Marekani milioni 150, yaani takribani asilimia 14 ya ether zote zilizokuwepo wakati huo.

Jambo lenye uzito zaidi kwa mhakiki ni masharti yaliyoambatana na mfuko huo. Masharti hayo yalieleza kuwa msimbo wenyewe ndio mkataba, na kwamba maelezo mengine yote ya lugha ya kawaida yalitolewa kwa ajili ya kuelimisha tu. Maelezo yakipingana na msimbo, msimbo ndio ungeshinda. Kwa maneno mengine, matini hii ilitangaza yenyewe jinsi inavyotaka kusomwa: bila mwandishi na bila kitu chochote nje ya maneno yake. Wanachama wengi walikubali masharti hayo ilhali matini waliyoisoma ni maelezo ya lugha ya kawaida, yaani yale ambayo masharti yenyewe yalikuwa yameyanyima nguvu. Walitia saini waraka mmoja wakiwa wamesoma mwingine.

5.0 Mstari wa Uungwana

Mwanachama asiyeridhika alikuwa na haki ya kujitenga na kuhamishia fungu lake katika mfuko mpya. Kifungu cha msimbo kilichosimamia haki hiyo kilikuwa na hatua tatu muhimu. Kwanza, kilihamisha ether za mwanachama kwenda mfuko mpya. Pili, kilimlipa gawio alilokuwa akidai. Tatu, kilifuta salio lake katika daftari la mfuko wa zamani.

Msomaji wa kawaida anayapitia mambo hayo matatu bila kusita, kwa kuwa yote yanayostahili kufanyika yanafanyika. Dosari haikuwa katika hatua yoyote kwa nafsi yake; ilikuwa katika mfuatano wake. Katika Ethereum, anayelipwa anaweza kuwa programu badala ya mtu, na programu inapopokea malipo huamka na kupata fursa ya kutoa amri zake kabla mlipaji hajaendelea na kazi. Programu ya namna hiyo, ikilipwa katika hatua ya pili, iliweza kuomba kujitenga upya. Hatua ya tatu ilikuwa bado haijafikiwa, kwa hiyo daftari bado lilionesha salio kamili, na hatua ya kwanza ikarudiwa. Ni sawa na mweka hazina anayetoa fedha kwanza na kuandika daftarini baadaye: mpokeaji akirudi dirishani kabla ya kalamu kugusa karatasi, atakutwa hajalipwa.

Tarehe 17 Juni 2016 mtu ambaye hakujitambulisha aliisoma matini hivyo na kuitumia hivyo. Takribani ether milioni 3.6, karibu theluthi moja ya mfuko, zilihamishwa. Aina hiyo ya dosari haikuwa siri: siku chache kabla, wasanidi katika jumuiya ya Ethereum walikuwa wameshaionya hadharani.

Mstari uliofungua mlango huo una jambo la kusikitisha. Kando ya amri ya kulipa gawio, mwandishi aliacha maelezo mafupi ya Kiingereza ambayo maana yake ni kwamba ni uungwana kumpa anayeondoka kilicho chake. Maelezo ya pembeni huandikwa kwa ajili ya binadamu, mashine huyaruka. Mstari mmoja, basi, una matini mbili. Moja inazungumza na msomaji mwenye nia njema na kumweleza dhamira. Nyingine inazungumza na mashine na kuitaka itoe fedha. Uungwana ulibaki katika ile ya kwanza. Hapa hapakuwa na utata, kwa kuwa msimbo ulikuwa na maana moja tu na mashine iliipata. Kilichokuwepo ni pengo kati ya maana hiyo na ile waliyoiona wote waliousoma wakimfikiria mwanachama mwema.

Inafuata kwamba mshambuliaji alikuwa msomaji makini kuliko waandishi. Hukumu hiyo haimtakasi. Inaonesha tu kwamba, kwa masharti ambayo matini ilijiwekea, hapakuwa na neno la kumhukumia: alifanya lile ambalo mkataba ulisema linafanyika.

6.0 Kuhariri Kisichoharirika

Fedha zilizohamishwa zilifungwa katika mfuko mpya kwa muda wa siku kadhaa kabla hazijaweza kutolewa, kwa mujibu wa msimbo ule ule. Muda huo ulizaa mjadala ambao unaweza kuelezwa kama ugomvi wa wahakiki. Kundi moja lilishikilia matini: kilichoandikwa ndicho mkataba, na daftari likibadilishwa mara moja kwa ajili ya wenye hasara, halitakuwa tena daftari lisilobadilika. Kundi lingine lilishikilia dhamira: kila mtu alijua mfuko ulikusudiwa nini, na sheria inayomlinda mwizi kwa sababu ya mpangilio wa mistari si sheria.

Tarehe 20 Julai 2016, katika bloku namba 1,920,000, upande wa dhamira ulishinda. Nodi nyingi ziliweka toleo jipya la programu lililozirejesha fedha mahali ambapo wanachama wangeweza kuzidai. Waliokataa waliendelea na mnyororo wa zamani, ambao hadi leo unaitwa Ethereum Classic. Matini moja ikawa na nakala mbili zinazosimulia historia mbili, kila moja ikiwa na wasomaji wanaoiona kuwa ndiyo sahihi. Kwa anayeifahamu historia ya miswada ya tenzi, ambamo wanakili walitofautiana katika beti na kila nakala ikapata jamii yake, hali hiyo si ngeni.

Uamuzi huo ulikuwa na faida ya wazi kwa waliopoteza, na makala hii haiupingi kwa matokeo yake. Kinachohojiwa ni maelezo yake. Kura ya hadharani iliyoitishwa mtandaoni ilishirikisha sehemu ndogo ya ether zote, na toleo jipya liliandikwa na kikundi cha wasanidi waliofahamika. Mamlaka yalikuwepo, yalitumika, na yalitumika kwa haraka. Kilichokosekana ni utaratibu ulioandikwa mapema wa kueleza ni nani anayo na lini anaruhusiwa kuyatumia. Mwaka uliofuata, Julai 2017, mamlaka ya masoko ya mitaji ya Marekani, SEC, ilitoa ripoti ikisema kuwa tokeni za The DAO zilikuwa hati za uwekezaji zinazoguswa na sheria za nchi hiyo. Msomaji mwingine, ambaye matini ilijifanya haimwoni, naye alikuwa ameisoma.

7.0 Ujanja wa Istilahi

Wazo la mkataba wa namna hii lilitolewa na Szabo katika miaka ya 1990, naye aliutafutia babu yake katika mashine ya kuuzia bidhaa: sarafu inaingia, kinywaji kinatoka, na hakuna muuzaji wa kubishana naye. Jina alilolipa kwa Kiingereza linausifu mkataba kwa akili. Katika Kiswahili, njia iliyo karibu zaidi ya kulitafsiri ni kufuata mfano wa simu janja na kusema mkataba janja.

Tafsiri hiyo inastahili kukataliwa, lakini baada ya kusikilizwa. Mjanja katika ngano za Kiswahili ni Sungura, na Sungura hashindi kwa nguvu. Hushinda kwa kulishika neno la mwenye nguvu na kulitumia kwa namna ambayo msemaji hakuitarajia. Hivyo ndivyo mshambuliaji wa The DAO alivyofanya. Neno janja, kwa hiyo, linasema kweli ambayo jina la Kiingereza linaificha: penye ujanja pana anayeerevuliwa. Hata hivyo, istilahi inayompa mkataba sifa ya mtu humfanya mtumiaji adhani kuwa mkataba unafikiri, kumbe unatii tu. Mkataba unaojitekeleza ni istilahi ndefu zaidi, lakini inataja tendo linalofanyika na kumwonya msomaji kuwa hakuna atakayelisimamisha.

8.0 Umilisi Unaotakiwa

Mijadala ya stadi za msanidi wa intaneti gatuzi huelekea kuanza na orodha ya lugha za programu: Solidity kwa Ethereum, Rust kwa mitandao mingine, na JavaScript kwa kurasa anazoziona mtumiaji. Orodha hiyo ni ya kweli lakini haitoshi. Waandishi wa The DAO waliifahamu Solidity vizuri. Walichokikosa ni mambo mengine.

Umilisi wa kwanza ni kusoma kwa macho ya asiye na nia njema. Msanidi anapaswa kuuliza, kwa kila mstari, siyo tu utafanya nini ukitumiwa kama ilivyokusudiwa, bali utaruhusu nini ukitumiwa na mtu anayetafuta faida. Baada ya 2016, mfuatano wa hatua ulipewa mkazo kama kanuni ya uandishi: hakiki masharti, andika salio jipya, kisha ndipo ulipe. Kanuni hii ni rahisi kukaririwa. Inachodai ni tabia ya kuwapa wengine wausome msimbo kabla ya kuuweka katika daftari ambalo halifutiki, pamoja na kuufanyia majaribio yanayolenga kuuvunja.

Umilisi wa pili ni kuelewa misingi ya usimbaji fiche kwa kina cha kumweleza mtumiaji matokeo yake. Anayepoteza ufunguo wake wa siri hana ofisi ya kwenda kulalamika. Vilevile, anayetumia IPFS, mfumo alioueleza Benet (2014), lazima aelewe kuwa anwani inayotokana na heshi huthibitisha kuwa faili ni lile lile, lakini haihakikishi kuwa ipo nodi inayolihifadhi. Uhakika wa maudhui na uhai wa maudhui ni mambo mawili.

Umilisi wa tatu ni kukitafuta kitovu kilichojificha. Marlinspike (2022) alionesha kuwa programu nyingi zinazojiita gatuzi haziongei na mnyororo moja kwa moja. Hupitia seva za kampuni chache, kwa kuwa watu hawataki kuendesha seva zao wenyewe. Tukio la tarehe 11 Novemba 2020 lilikuwa limeshalithibitisha hilo: Infura, mojawapo ya kampuni hizo, ilipata hitilafu kutokana na kutumia toleo la zamani la programu ya nodi, na baadhi ya masoko ya kubadilishia fedha yakasimamisha utoaji wa ether. Mnyororo ulikuwa hai, ila mlango wa kuufikia ulikuwa umefungwa. Msanidi asiyeweza kuchora ramani ya milango ya programu yake hawezi kudai kuwa ameigatua.

Umilisi wa nne ndio unaopewa nafasi ndogo zaidi, nao ni uandishi wa maelezo na wa taratibu za uamuzi. Ikiwa msimbo utahitaji kurekebishwa siku moja, ni nani atakayerekebisha, kwa idhini ya nani, na kwa kutoa taarifa ya muda gani? Maswali haya ni ya katiba kuliko ya kompyuta. Majibu yake yanapaswa kuandikwa kwa lugha ambayo mwenye fedha anaisoma. Kwa mtumiaji wa Kiswahili, maana yake ni kwamba tafsiri ya maelezo ni sehemu ya usalama wa programu, na istilahi yenye kosa ni dosari kama ilivyo amri iliyo mahali pasipo pake.

9.0 Hitimisho

Uhakiki huu umeonesha kuwa The DAO haikuanguka kwa sababu msimbo wake ulighushiwa. Ulitekelezwa neno kwa neno. Ulianguka kwa sababu ulijitangaza kuwa matini isiyohitaji mwandishi wala mfasiri, na ulipopata msomaji aliyeukubali kwa masharti hayo, wasanidi wa Ethereum wakalazimika kurudi na kuihariri historia ili kuiokoa dhamira. Inaweza kupingwa kwamba kisa kimoja cha mwaka 2016 hakitoshi kuuhukumu uwanja mzima, hasa kwa kuwa zana za ukaguzi zimeboreka tangu wakati huo. Pingamizi hilo lina nguvu kuhusu dosari ya mfuatano, lakini haligusi swali la mamlaka. Kadiri msimbo unavyoboreka ndivyo wanaoweza kuusoma wanavyozidi kuwa wachache kulinganisha na wanaoutumia, na imani ya hao wengi lazima imwangukie mtu fulani. Ugatuzi ulio wa kweli unamtaja mtu huyo. Msanidi aliyekamilika, kwa hiyo, ni yule ambaye, baada ya kuandika mkataba unaojitekeleza, anaweza kumwonesha asiyejua kusoma msimbo ni nani anayemwamini na kwa mambo gani.